Kibodi Zilizovuka Barabara

Mwaka niliotoka jeshini nikaajiriwa Heng-pao, kampuni yetu ilikuwa ya tano kisiwani kwa kuuza kompyuta mpakato. Nasema "yetu" kwa sababu kila mtu pale kiwandani kwetu, mjini Hsichih, alisema hivyo, kuanzia bosi mwenyewe hadi waliofagia ngazi. Ng'ambo ya barabara, hatua kama sitini kutoka langoni petu, kilikuwa kiwanda cha Chao-lung, nao walikuwa wa nne. Safari nyingine sisi wa nne, wao wa tano. Kila baada ya miezi mitatu gazeti la biashara lilitoa orodha ya nani kauza ngapi na nani ana sehemu gani ya soko. Asubuhi hiyo kazi haikuendelea mpaka gazeti limezunguka meza zote.

Wale watatu wa juu hatukuwahangaikia. Walikuwa na majengo yao ya vioo, na matangazo yao yalibandikwa kwenye viwanja vya ndege. Aliyetunyima usingizi ni jirani. Alishusha bei Jumatatu, sisi tukashusha Jumatano. Alitoa mashine yenye uzito wa kilo mbili na nusu, na bosi wetu Liao akatuita wahandisi akatupa wiki sita tupunguze gramu mia tatu kwenye yetu.

Ninayetaka kumsimulia ni Yu Pi-hsia. Nilipofika yeye alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mimi ishirini na sita. Alikuwa ameshona mashati miaka kumi na saba, mpaka mwenye kiwanda cha nguo alipokihamishia bara, ng'ambo ya bahari, na kuwaacha wanawake mia tatu nje ya geti kwa siku moja. Heng-pao ikamchukua, ikamweka mwisho wa mstari, mahali pa kukagua kibodi. Kila kibodi ilipita mikononi mwake kabla ya kufungwa kwenye mashine. Alitembeza vidole juu ya herufi zote, upesi, macho yakiwa kwingine kabisa, kama mtu anayepapasa pindo la shati kutafuta mshono uliolegea.

Kulikuwa na mashine ya kupima pia, na mimi ndiye niliyeisimamia. Ilikuwa na kidole cha chuma kilichobonyeza herufi moja moja na kuandika namba. Niliipenda sana mashine ile. Wiki ya kwanza tu Pi-hsia alinirudishia kibodi ambayo mashine ilikuwa imeipitisha.

"Tu Mdogo," aliniita kwa jina la ukoo wangu, "hii ipeleke nyuma."

"Dada, mashine imesema nzima."

"Mashine yako ina kidole kimoja. Mimi ninavyo kumi."

Mstari mzima ukacheka. Nikaifungua ile kibodi ili nimwonyeshe alivyokosea, nikakuta kimpira chini ya herufi moja kimekaa upande. Niliirudisha mezani kwake. Alinisogezea yai lililochemshwa kwenye majani ya chai, akaendelea na kazi.

Mumewe alikuwa fundi wa injini kwenye meli ya mizigo, akionekana nyumbani mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo Pi-hsia aliishi na binti yao na wifi yake, A-luan, dada mdogo wa mumewe, ambaye hakuwa ameolewa na hakuwa na haraka hiyo. A-luan alifanya kazi Chao-lung, mstari wa pili, akifunga kibodi kwenye mashine za jirani. Asubuhi walitoka nyumba moja kwa pikipiki moja, na barabarani wakaachana, mmoja kulia, mwingine kushoto.

Mchana walikutana kwenye kibanda cha tambi za nyama ya ng'ombe, pale katikati ya viwanda viwili. Hapo ndipo palipokuwa na vita vya kweli. Sheria ilikuwa kwamba orodha ikitoka, walioshindwa wanawanunulia washindi tambi siku hiyo.

"Wa nne wamekuja!" A-luan alipiga kelele akituona. "Wapisheni, wamechoka kubeba zile laptopu zao za mawe!"

"Zetu nzito kwa sababu zina kitu ndani," Pi-hsia akamjibu akivuta kiti. "Za kwenu nyepesi kama ahadi za bosi wenu."

"Wifi, kula tambi zako. Leo tunalipa sisi, unakula za bure."

"Za bure ndiyo tamu. Niongezee pilipili."

Nilikuwa kijana niliyezoea kambi, ambako aliyekupinga hukumsogelea. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hawa wawili walitukanana hivyo mchana na jioni wakaosha vyombo pamoja.

Mwezi Machi mwaka 1998 tuliletewa shehena mpya ya kibodi. Aliyetuuzia aliwauzia pia Chao-lung. Ukubwa mmoja, muundo mmoja, tofauti ni nembo tu. Pi-hsia alikagua kumi za kwanza akasimamisha mstari.

"Zinanata," alisema.

Nilizipima zote. Namba zilikuwa safi. "Hazinati, Dada."

"Ukibonyeza, herufi inarudi kwa kuchelewa kidogo. Kama mtoto anayeitwa kuoga na hataki. Zipashe moto uone."

Kwa kuwa nilishaumbuka mara moja, nilizitia kwenye sanduku la joto tulilotumia kujaribia mashine, nikaziacha siku tatu. Nilipozitoa, nusu yake zilikuwa zimekufa. Ile raba ilikuwa imechanganywa vibaya, ikipata joto inalainika kama gundi. Mashine yenye kibodi ile ingefanya kazi vizuri dukani, kisha ingeharibika kiangazi, mapajani mwa mteja.

Bosi Liao alituita ofisini, mimi, msimamizi wa mstari na Pi-hsia. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, aliyeanza kwa kutengeneza redio kwenye chumba cha mama yake. Siku hiyo alitabasamu, jambo la nadra.

"Zetu tumezirudisha kimyakimya," alisema. "Aliyetuuzia hatasema, anaogopa kupoteza wateja. Sasa nisikilizeni. Ng'ambo wana shehena ileile na hawajagundua. Wataipeleka Ulaya. Zikianza kurudi Agosti, Chao-lung hawatakuwa wa nne tena, hawatakuwa hata wa nane. Hakuna atakayefungua mdomo. Tumeelewana?"

Sote tuliitikia. Pi-hsia pia aliitikia, ila kwa kuinamisha kichwa tu.

Yaliyotokea nyumbani kwao jioni ile nilisimuliwa na A-luan miaka mingi baadaye. Alisema walikuwa wakimenya mianzi michanga, na wifi yake hakuongea kabisa, na Pi-hsia asipoongea nyumba nzima inajua.

"Umegombana na nani?" A-luan akamuuliza.

"Sijagombana. A-luan, kibodi mnazofunga wiki hii, za sanduku lenye mstari wa bluu. Zitie kwenye joto."

"Kwani zina nini?"

"Zitie kwenye joto siku tatu. Usiniulize zaidi, nimekatazwa."

A-luan aliweka kisu chini. "Wifi, watakufukuza."

"Wanaweza. Lakini mashine zikirudi, wa kwanza kutolewa ni nyie mliofunga. Mimi nimeshasimama nje ya geti na wanawake mia tatu, tukipigwa jua na mifuko yetu mkononi. Sitaki kuliona tena, hata kama ni geti la jirani."

Kesho yake A-luan aliingia kazini akamwambia msimamizi wake kwamba kibodi anazihisi vibaya. Siku ya nne Chao-lung walisimamisha mstari.

Habari zilivuka barabara kabla ya saa sita mchana. Bosi Liao aliniita peke yangu. Alikuwa amesimama dirishani akiangalia lori la Chao-lung likipakia masanduku yenye mstari wa bluu, yakirudishwa yalikotoka.

"Nani kasema?" aliuliza bila kugeuka.

Ningeweza kusema sijui. Kweli sikujua, hakuna aliyekuwa ameniambia. Lakini nafasi ya mkuu wa ukaguzi ilikuwa wazi, na nilitaka aone kwamba mimi ni mtu wake. Nikasema, "Dada Pi-hsia ana wifi yake kule."

Basi. Maneno hayo tu. Nilitoka ofisini nikijiambia kwamba sikumsingizia mtu, nilitaja jambo ambalo kila mla tambi alilijua.

Liao hakumfukuza Pi-hsia, kwa kuwa vidole kama vile vilikuwa adimu na hakutaka jirani avipate. Alimshusha ghalani, chumba cha chini kabisa, akapange masanduku. Mimi nikapewa ukuu wa ukaguzi pamoja na meza yenye simu. Pi-hsia alinipita kwenye ngazi akiwa amevaa glavu za kazi, akasema, "Hongera, Tu Mdogo, umekuwa mkubwa," na sauti yake haikuwa na mwiba wowote. Ningependa ingekuwa nao.

Bila yeye mstari uliendelea, na mashine yangu ya kidole kimoja ilipitisha ilichopitisha. Wateja wakaanza kulalamika, si sana, huyu herufi inakwama, yule inaruka. Orodha ya Julai tulikuwa wa sita. Kwenye kibanda cha tambi A-luan hakutupigia kelele siku hiyo. Alikuja akakaa karibu na wifi yake, na alilipia bakuli zote mbili ingawa hakuwa ameshindwa.

Oktoba ikaja na tufani mbili ndani ya siku kumi. Anayeishi Hsichih anaujua mto, na ile ya kwanza ilipoleta maji hadi magotini tulifagia tope tukasema yamekwisha. Ya pili ilikuja na mvua ambayo haikuacha nafasi hata ya kuvuta pumzi. Mchana, kabla kazi haijasimamishwa, mto ulipanda ukingo na kuingia barabarani, kisha getini, kisha ghalani.

Humo ghalani mlikuwa na kibodi elfu tano za oda ya Ujerumani. Zilikuwa na herufi zao, zile zenye nukta mbili juu, kwa hiyo huwezi kuchukua kibodi yoyote ukabandika. Muuzaji mmoja wa kule, mwenye maduka mengi, alikuwa ametupa rafu zake za Krismasi kwa mara ya kwanza. Meli ingeondoka bandari ya Keelung baada ya siku tisa. Tukiikosa, rafu zingekuwa za mtu mwingine, na Heng-pao ilikuwa imekopa mno kwa ajili ya oda ile kiasi cha kutoweza kubaki wima bila malipo yake.

Nilishuka ngazi nikamkuta Pi-hsia ndani ya maji ya kiunoni, anainua masanduku na kuyapitisha kwa wenzake waliosimama ngazini. Alikuwa amekwishapanga nani asimame wapi.

"Tu Mdogo, shika! Usisimame kama mgeni!"

Nilishika. Tulipokezana mpaka maji yakamfika kifuani na taa zikazima, na mlinzi akamshika kwapani akamvuta juu kwa nguvu huku yeye akipiga kelele kwamba yamebaki mengi. Tuliokoa kibodi elfu moja na mia moja. Masanduku yaliyobaki tuliyasikia yakigonga dari ya ghala kutoka chini, polepole, moja baada ya jingine.

Maji yaliposhuka, siku mbili baadaye, Bosi Liao alikuwa amekaa kwenye ngazi za mbele na buti zake zimejaa tope. Simu zote alikuwa amekwishapiga. Aliyetuuzia alihitaji wiki tano. Hakuna aliyethubutu kumkaribia isipokuwa Pi-hsia, aliyekuwa akisukuma tope kwa ubao. Alisimama mbele yake akaegemea ubao wake.

"Bosi, ng'ambo wanazo."

"Nini?"

"Kibodi za Kijerumani. Wao pia wanapeleka kule. Jengo lao liko juu kidogo, ghala lao halikuingia maji."

Liao alicheka kicheko kikavu. "Bosi wao Kang hawezi kunipa hata maji ya kunywa."

"Umemwomba?"

Liao alikung'uta tope kwenye buti.

"Basi hujanyimwa bado. Twende."

Mpaka leo sijui kwa nini aliinuka. Labda alikuwa amechoka kukaa. Tulivuka barabara watatu, yeye mbele, Pi-hsia na ubao wake, na mimi nyuma nikitamani nisionekane.

Bosi Kang wa Chao-lung alikuwa mfupi, mnene, mwenye sauti iliyojaza karakana. Alitusimamisha mlangoni, wafanyakazi wake wote wakitazama.

"Liao! Miaka tisa hujavuka barabara hii. Umekuja kununua au kuuza?"

"Kuomba," Liao akasema. "Kibodi elfu tatu na mia tisa. Nitakurudishia moja kwa moja, mpya, zikifika."

"Ili Januari unipite kwenye orodha? Unaniona nina kichaa?" Kang aligeukia watu wake kuona kama wanacheka. Wachache walicheka. Kisha akashusha sauti. "Mwezi wa tatu ulijua. Zile za mstari wa bluu. Ulijua, ukanyamaza."

Nilidhani Liao atakana. "Nilijua," alisema.

"Sasa ondoka."

Hapo Pi-hsia akasogea. "Bosi Kang, mimi sikuja kudai kitu. Mwezi wa tatu nilimwambia wifi yangu, si wewe, na sikukuuzia. Lakini kule kwetu tuko mia nne na ishirini. Meli ikiondoka bila sisi, mwezi ujao tutakuwa mlangoni kwako tunaomba kazi, na wewe huna nafasi mia nne na ishirini. Ukitaka kutushinda, tushinde Januari kwenye gazeti. Usituache tushindwe na mto."

Kang alisugua shingo yake. Ndipo A-luan alipotoka nyuma ya mstari wa pili, bisibisi bado mkononi.

"Bosi, samahani. Mimi niko hapa leo kwa sababu ya huyu. Sisi wote wa mstari wa pili. Aliadhibiwa kwa ajili yetu, amekaa ghalani miezi saba."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna. Najisemea."

Mwanamke mwingine akasema, "Ni kweli, Bosi." Na mwingine. Kang aliwatazama mmoja mmoja, kisha akamtazama Pi-hsia mikono, si uso.

"Hivi ndivyo vile vidole?"

"Ndivyo. Leo vina tope."

Akaguna. "Liao, sikiliza. Nakukopesha. Utazirudisha zote kabla ya Mwaka Mpya. Na huyu mama atakuja kwangu mwezi mzima kufundisha watu wangu kukagua. Mshahara wake wa mwezi huo nalipa mimi, na nalipa zaidi yako, ili ujue unamlipa kidogo."

Liao aliinama mbele yake, kiuno kikapinda vizuri, mbele ya karakana nzima. Sikuwa nimewahi kumwona akiinama kwa mtu.

Lori halikuweza kupita, barabara ilikuwa tope la kufika kwenye vifundo. Kwa hiyo watu walijipanga. Wanawake wa Chao-lung kutoka ghalani kwao hadi katikati ya barabara, wanawake wa Heng-pao kutoka hapo hadi getini kwetu, na masanduku yakapita mkono kwa mkono mchana kutwa. Hata siku hiyo hawakuacha kutaniana.

"Shika vizuri, wa sita, hiyo ni mali ya wa nne!"

"Leta upesi basi, wa nne, mbona mikono yenu mizito kuliko laptopu zetu?"

Mwenye kibanda cha tambi, ambaye jiko lake lilikuwa limechukuliwa na maji, alileta sufuria moja ya wali mtamu wa kunata akawagawia wote bila kuuliza nani wa upande gani.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na Pi-hsia kwenye mstari. Tulipopumzika tulikaa ukingoni mwa barabara na bakuli zetu, na nikaona nisiposema sasa sitasema tena.

"Dada. Ni mimi niliyemtajia bosi kuhusu wifi yako."

Aliendelea kutafuna. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ileile. Ulitoka ofisini ukanipita mara tatu bila kuniangalia. Mtu asiye na kitu moyoni ananiangalia mara moja anaomba yai."

"Mbona hukusema kitu?"

"Ningesema nini? Nilivunja amri, nikajulikana. Hukusema uongo." Alifuta mdomo kwa kiganja. "Nilikasirika, usifikiri sikukasirika. Wiki nzima nilikuita majina mbele ya A-luan, majina mengine sijui hata nilikoyatoa. Halafu nikawaza, huyu kijana siku ile alizitia zile kibodi kwenye joto kwa sababu tu mimi nilimwambia. Angeweza kunipuuza. Hakuna mhandisi aliyewahi kunisikiliza kabla yako. Kwa hilo nilikushukuru, na kwa lile jingine nilikukasirikia, na vyote viwili vikakaa pamoja tu. Kula, wali unapoa."

Nilikula. Machozi yalinitoka nikasingizia mvuke, ingawa wali ulikuwa umekwishapoa kweli.

Meli iliondoka na mashine zetu. Pi-hsia alifanya mwezi wake Chao-lung, na Novemba ile mimi nilifika kibandani kila mchana kumsikiliza akilalamika kwamba wanafunzi wake wana kucha ndefu. Aliporudi, Bosi Liao alimweka mahali pake pa zamani. Hakutoa hotuba.

Hotuba ilikuja kwenye karamu ya kufunga mwaka, ambao kwa kalenda yetu ya zamani huisha mwezi wa pili. Kuku mzima aliletwa mezani, na kila mtu alikaa akiangalia kichwa chake, maana kwa mazoea ya zamani, kichwa cha kuku kikielekezwa kwako na bosi, usirudi kazini baada ya sikukuu ya Mwaka Mpya. Mwaka ule mbaya tuliogopa kweli. Kichwa kilikuwa kimeelekea upande wa mstari wa kibodi. Bosi Liao alisimama, akakigeuza kwa vijiti vyake mpaka kikamtazama yeye mwenyewe.

"Kama kuna mtu wa kuondoka, ni huyu," alisema. "Nilimwadhibu mtu kwa kosa la kuwa na utu. Dada Yu, samahani. Nashukuru."

Kisha akakikata kile kichwa, akakila. Watu walipiga makofi mpaka bakuli zikacheza. Pi-hsia alikuwa mwekundu kama karatasi za Mwaka Mpya ukutani.

"Kaa chini, Bosi," alisema. "Unatuchelewesha, nyama inapoa."

Orodha ilikuwa imetoka Januari: Chao-lung wa nne, sisi wa tano, nyuma yao kwa nukta moja ya asilimia. Bosi Kang alituma mtu na gazeti, amezungushia namba kwa kalamu nyekundu, pamoja na chupa ya pombe ya mtama. Tuliwanunulia tambi. A-luan alikula bakuli mbili kutukomoa.

Haya mambo hayakudumu. Ndani ya miaka michache bei zilishuka mpaka faida ya mashine moja haikutosha kununua begi la kuibebea, na wale wakubwa watatu wakawa wawili, na wengine wote tukatafuta mahali pa kusimama. Chao-lung ilinunuliwa na kampuni kubwa, jina likafutwa. Heng-pao ilipeleka mistari yake bara kama kila mtu. Lakini Liao alitoa taarifa mwaka mzima kabla, akawatafutia watu kazi mmoja mmoja, akienda mwenyewe kwenye ofisi za wenzake kofia mkononi, na Kang alichukua wengi kabla hajauza. Hakuna aliyesimama nje ya geti. Maabara ilibaki Hsichih, na Pi-hsia akabaki nayo, akikagua sampuli mpaka alipostaafu. Nilikuwa mkubwa wake kwa cheo miaka yote hiyo. Hakuna kibodi niliyowahi kuipitisha bila yeye kuigusa.

Sasa anaishi Yilan, upande wa pili wa milima, na mumewe aliyechoka na bahari, na A-luan, ambaye bado hajaolewa na bado hana haraka. Wana shamba dogo la vitunguu vya majani. Nilikwenda kuwaona mwaka jana. Bosi Liao alikuwa amefariki, na nilitaka kumpelekea Pi-hsia picha ya mazishi, ambapo Kang, mzee na mwenye fimbo, alilia kuliko ndugu wa marehemu.

Pi-hsia aliitazama picha muda mrefu. "Wanaume wale wawili walinisomeshea binti," alisema. "Mmoja kwa mshahara, mwingine kwa kumwaibisha mwenzake apandishe mshahara." Akacheka. "Watu wanasema ushindani ulituumiza. Ulituumiza, ndiyo. Lakini mimi mshona mashati ningepata wapi watu wa kunigombania?"

A-luan alimwambia aache kujisifu mbele ya mgeni. Mume akatutilia chai.

Wakati wa kuondoka Pi-hsia alinipa kifurushi cha vitunguu, vimefungwa kwa gazeti, udongo bado kwenye mizizi. Nilimshukuru.

"Vitunguu tu hivyo," alisema.

"Si kwa vitunguu, Dada."

Alinirekebishia kola ya shati, kwa haraka, kama mtu aliyeona uzi umechomoza.

"Najua," alisema. "Haya, nenda. Endesha polepole, mvua inanyesha mlimani."